Aliyemnyamazisha Razan

Mimi ni mwosha. Mwanamke akifariki huku mtaani Langoni, Lamu, na mara nyingine hata kule Mkomani kwenye majumba ya mawe, ninayeitwa ni mimi. Kila asubuhi nakaanga viazi vya karai mbele ya mlango wangu, lakini watu wananijua zaidi kwa ile kazi ya kwanza. Nimekaa na maiti wengi, mlango umefungwa, na sijawahi kukimbia. Nalisema hilo mapema ili mjue anayewasimulia ni nani. Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Ibtihal. Mengi alinieleza mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwapo.

Siku waliyohama ilikuwa Ijumaa ya kawaida kabisa. Punda wawili walibeba magodoro na masufuria, mimi nikabeba kapu la vyombo vya kioo, na mtoto wao Razan akabebwa mgongoni na babake akicheka kila punda alipojikwaa. Razan alikuwa na miezi ishirini. Husni, baba mtu, ni mpishi kwenye hoteli moja ya Ras Kitau. Hulala huko siku tano na kurudi nyumbani Alhamisi jioni. Walikuwa wakiishi chumba kimoja nyuma ya kwangu, bati tupu, joto la kukausha samaki. Basi shangazi yake, Bi Nadra, alipotuma ujumbe kwamba nyumba yake ya Mkomani ina ghorofa nzima tupu na yeye ni mzee wa peke yake, Husni hakuhitaji kushawishiwa.

Mimi moyo haukutulia. Bi Nadra hakuja kwenye arusi yao. Alisema, na watu wakatuletea maneno, kwamba mtoto wa ndugu yake ameoa binti wa wakaanga viazi. Tangu Razan azaliwe hakuwahi kumbeba hata mara moja. Siku ile tulimkuta ameketi uani, goti lake bovu limefungwa kitambaa, maana ngazi alikuwa ameshindwa nazo zamani. Hakutukaribisha. Aliuliza jambo moja tu: mtoto atalala wapi. Ibtihal akasema atalala nao.

"Mlazeni nyumba ya kati," Bi Nadra akasema. "Mna baridi nzuri mle."

Nyumba ya kati ni chumba kidogo cha nyuma kabisa katika nyumba za kale za Mkomani. Hakina dirisha. Zamani wanawake walizalia mle, na mtu wa nyumba akifa alioshwa mle. Nilipoingia kutandika godoro la mtoto, niliona kwamba ukutani, kwa kimo cha mtu aliyeketi chini, chokaa ilikuwa imelika na kung'aa. Ilikuwa kama mahali ambapo mtu ameegemeza mgongo wake kwa miaka mingi sana.

Wiki ya kwanza Razan alianza kuamka. Kule kwetu aliamka mara moja, kama mtoto yeyote, akanyonya, akalala. Hapa aliamka mara tatu, kisha nne, kisha sita. Alikuwa akizinduka kwa kilio kikali, kama mtu aliyefinywa. Ibtihal alikuwa akiamka, akiingia mle, akimnyonyesha hadi alale, na kabla hajafika kitandani kwake kilio kikaanza tena. Baada ya majuma mawili mdogo wangu alikuwa hajitambui. Anashona kofia, kazi yake ya mkono. Akawa anasinzia na sindano, vidole vimejaa matundu. Aliunguza wali mara mbili. Husni akirudi Alhamisi hulala kama gogo, halafu asubuhi humwambia mkewe kwamba yeye hakusikia chochote, pengine anazidisha.

Bi Nadra naye kutoka chini hakuacha kumchoma. Mwanamke gani hushindwa na mtoto mmoja. Watu wa Langoni hawakufunzwa kulea. Alikuwa akiyasema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha.

Ibtihal akaenda zahanati. Muuguzi wa watoto pale ni Wanjira, mwanamke wa bara, mkarimu, aliyezoea kina mama wa Lamu na shida zao. Alimpima Razan masikio, koo, joto, akamkuta mzima. Akamweleza Ibtihal taratibu: usingizi wa mchana uwe mfupi, amwogeshe jioni, apunguze taa, asimpe simu kuchezea, na amlaze angali macho ili ajifunze kushika usingizi mwenyewe. Mtoto wa umri ule akizoea kunyonya ndipo alale, kila akizinduka atataka ziwa. Kama yuko tayari, amwachishe.

"Akilia usimkimbilie, Mama Razan," Wanjira alisema. "Hesabu hadi mia kwanza. Kisha nenda, mpigepige mgongoni, usimtoe kitandani. Siku chache tu, utaona."

Ni ushauri mzuri. Nataka mjue hivyo. Nimeuona ukiwafaa watoto wengi, na haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa chumba.

Ibtihal akapaka shubiri kwenye maziwa yake, kama mama yetu alivyotufanyia sisi. Razan akaonja ule uchungu, akalia siku mbili, akaacha. Ibtihal aliogopa Bi Nadra atamwandama kwa maneno, maana mtoto hajatimiza miaka miwili, na bibi yule hakuwahi kukubali jambo lolote lililotoka kwa watu wa bara. Lakini aliposikia, aliinua uso na kumtazama Ibtihal kwa mara ya kwanza kama anamtazama mtu.

"Kasema kweli muuguzi," alisema. "Mwache alie. Mwana hafi kwa kulia." Akarudi kwenye tambuu yake. Kisha, kama anajisemea: "Hukosi wa kumnyamazisha."

Usiku wa kwanza Ibtihal alikaa nje ya mlango wa nyumba ya kati akahesabu kwa kunong'ona hadi mia, machozi yakimtoka, kisha akaingia. Usiku wa pili alifika themanini, Razan akanyamaza mwenyewe. Usiku wa tatu, hamsini. Usiku wa tano mtoto alilia, na Ibtihal alipofika ishirini pakawa kimya. Alisubiri. Kimya. Akaenda kulala, akalala hadi adhana ya alfajiri kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale. Asubuhi alikuja kwangu uso umenawiri, akanunua viazi vya watu wawili, akanisimulia akicheka. Nilifurahi naye. Hata mimi nilicheka.

Wiki moja baadaye alirudi, hacheki.

Razan hataki kula, alisema. Uji wa wimbi anautema. Wali, samaki, ndizi, hata halua, anageuza uso. Nikamwambia ni kuachishwa ziwa, watoto hununa. Ibtihal akatikisa kichwa. Alikuwa amempeleka kupimwa tena, na katika wiki hiyo ambayo mtoto hakumeza tonge, alikuwa ameongeza uzito karibu kilo nzima. Wanjira alikuwa amempongeza.

"Dada," Ibtihal akasema, na sauti yake ikashuka. "Asubuhi mdomo wake unanuka maziwa."

Nikamuuliza maziwa gani, labda Bi Nadra humpa. Akasema Bi Nadra hawezi kupanda ngazi. Na si maziwa ya ng'ombe. Aliyenyonyesha anaijua harufu ile. Yeye mwenyewe alikuwa amekauka.

Kuanzia hapo mtoto akaanza kumkataa mama yake. Akibebwa hujikaza kama ubao. Mchana anakwenda mwenyewe mle gizani, anakaa karibu na ule ukuta, ametulia. Alikuwa hajui maneno mengi, lakini "mama" alikuwa analijua. Siku moja alilisema waziwazi, kwa furaha, mikono ameinyosha. Ibtihal akainama kumpokea. Razan alikuwa akitazama nyuma ya bega lake.

Alimweleza Husni. Husni alikasirika. Alisema wamekaa bure katika nyumba ya heshima, na yeye anatafuta sababu ya kurudi Langoni kwa dadake. Alisema shangazi yake amewavumilia. Wakakosana, akaondoka Jumamosi bila kuaga.

Usiku ule Ibtihal aliacha simu yake inarekodi, ameiweka sakafuni kando ya godoro la mtoto. Yeye akakaa nje ya mlango, akahesabu moyoni, mdomo umefungwa. Asubuhi alikuja nayo kwangu. Tukafunga mlango tukasikiliza, vichwa vimegusana juu ya kile kisimu.

Kwanza pumzi za mtoto. Muda mrefu. Kisha sauti ndogo, kama mtu anayebana mtoto na mtoto anashtuka. Kilio. Na chini ya kilio, karibu kabisa na simu, mtu anahesabu kwa kunong'ona. Moja. Mbili. Tatu. Polepole, kwa sauti ya mwanamke, akitamka kama mtu aliyejifunza maneno yale juzijuzi. Alifika kumi na nne. Kilio kikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Baada ya hapo ni mtoto akimeza.

Nilimwambia Ibtihal ahame siku hiyohiyo. Alisema hawezi kumtoa mtoto wa Husni nyumbani kwa neno la simu. Husni angempa talaka na kumchukua Razan. Alitaka shahidi. Basi jioni ile nikachukua shuka langu nikaenda Mkomani.

Bi Nadra alikuwa ameketi palepale uani. Nilimpa salamu. Akaniitikia, akanitazama mikono yangu, akasema hajamwita mwosha, bado hajafa. Nikasema nimekuja kumtembelea ndugu yangu. Akasema nyumba haitaki wageni. Nikapanda juu.

Tulimlaza Razan kwa taratibu zote. Tulimwogesha, tukapunguza taa, tukamlaza macho wazi. Hakulia tulipomwacha. Alikuwa anangoja. Sisi tukalala chumba cha nje, mkeka mmoja, na Ibtihal akanishika mkono. Nilisoma dua nilizozijua. Nyumba ilikuwa kimya, kisha umeme ukakatika mtaa mzima, na feni ikazunguka mara chache ikasimama.

Razan akalia.

Ibtihal aliinuka. Nikamvuta. Nilitaka kusikia, Mungu anisamehe. Tulisimama mlangoni. Hakuna aliyehesabu safari hii. Mtoto alilia pumzi tatu, nne, akanyamaza. Halafu mle ndani mtu akaanza kuimba. Wimbo wa mama yetu, ule wa kutubembelezea. Na sauti ilikuwa ya Ibtihal.

Ibtihal alikuwa kando yangu. Niliuona mdomo wake kwa mwanga wa simu. Ulikuwa umefungwa.

Nikasukuma mlango, nikamulika.

Razan alikuwa amelala chali, lakini hakulala juu ya godoro. Kichwa na mabega yake yalikuwa yameinuka, kama mtoto aliyepakatwa. Chini ya kichwa chake hapakuwa na kitu. Niliona godoro. Niliona nafasi. Macho yake yalikuwa nusu wazi, ameridhika, na midomo yake ilikuwa inafanya kazi. Tone jeupe lilishuka shavuni.

Uimbaji ukakoma. Mtoto akaanguka, kichwa kikagonga godoro. Akapiga kelele.

Ibtihal alimnyakua. Tulishuka ngazi sijui vipi. Chumba cha Bi Nadra kilikuwa kando ya ua, mlango wazi. Alikuwa ameketi kitandani gizani, amevaa, kanga begani, mikono juu ya mapaja. Macho yake, au mato kama wasemavyo wenyewe, yalikuwa makavu. Alikuwa anatusikiliza tukishuka.

"Mmemwangusha," alisema.

Nilimuuliza ni nini kile. Sikumwita Bi. Yeye akajibu bila haraka, kama mtu anayeulizwa habari za ukoo, na nilivyomsikia ndivyo ninavyowaambia.

Zamani, kabla ya babake babake, wenye nyumba ile walimnunua mwanamke kutoka bara aje kunyonyesha mtoto wao. Alikuja na wake mwenyewe, mchanga. Mtoto wa nyumba alinyonya chumba cha mbele penye upepo. Yule mwingine alifungiwa nyumba ya kati. Akilia, mama yake alisikia kupitia ukutani, na maziwa yakamtoka, naye akaambiwa angoje, huyu ashibe kwanza. Alingoja kila siku. Siku moja alingoja, na kilio hakikuja tena. Jina lake halikuhifadhiwa na mtu. Alipokufa naye, hakuondoka. Mtoto yeyote wa ukoo ule akiachwa alie peke yake mle, yeye humwendea akamnyonyesha. Na akimnyonyesha anamhesabu wake. Watoto wake hawali tena chakula cha watu. Wengi hawakufika miaka mitatu.

"Miye walinilaza mle, mdogo kama huyu," Bi Nadra alisema. "Sikufa. Sijui kwa nini. Lakini hajaniacha. Pakikosekana mwana nyumbani, huniyia miye. Miaka sabini. Miye mzee, sina meno, na huya kitandani kwangu akanipakata."

Ibtihal alimkaza Razan kifuani. "Na ukatuita," alisema.

"Nalitaka kulala." Alisema hivyo tu. Kisha: "Usiku mmoja, hata alfajiri. Tangu umwachishe ziwa mwanao, nimelala siku kumi na nane."

Hakuomba radhi. Nilimtafuta usoni nikaona chuki ya kawaida tu, ile aliyokuwa nayo siku zote, na juu yake uso wa mtu aliyelala vizuri.

Nikamwambia Ibtihal twende. Mlango wa njiani ulikuwa mwisho wa ukumbi, hatua kumi hivi. Baada ya hatua tatu Ibtihal akainama. Mtoto amekuwa mzito, alisema. Nikamsaidia kumshika, na ni kweli: ilikuwa kama kuinua mtungi uliojaa. Razan alijipinda nyuma, mikono ameinyosha kuelekea ngazi, na akawa anavutwa. Niliona gauni lake likikazika mgongoni. Nilimshika miguu. Ibtihal akashindwa kusimama, akaketi sakafuni, na mtoto akapiga ukelele ule wa kumtaka mama.

Ngazini mtu akaanza kushuka.

Nyayo tupu. Nzito kidogo, za mtu mzima, zisizo na haraka. Ngazi moja, kituo. Ngazi nyingine, kituo. Niliinua simu kumulika. Niliona ngazi. Sikuona mtu. Lakini nyayo ziliendelea kushuka katikati ya mwanga.

Nikaanza Ayatul Kursi. Nimeisomea maiti na wagonjwa, naijua kuliko jina langu. Nikakwama katikati. Nikarudi mwanzo. Nikakwama palepale.

Ibtihal alifungua kifua chake. Kulikuwa na shubiri, alikuwa bado anapaka kila jioni. Akamkandamiza Razan pale. Mtoto akauma. Niliona damu. Ibtihal hakupiga kelele, alimshika kisogo tu akamzuia asitoke.

"Ni chungu, mwanangu," alimwambia sikioni. "Ni chungu, lakini ni la mamako."

Nyayo zikasimama ngazi ya mwisho.

Kisha tukasikia kunong'ona. Moja. Mbili. Tatu. Sauti ile ilikuwa inangoja. Ilikuwa inampa mama mtu muda achoke, amweke mtoto chini, amwache alie. Nne. Tano. Ibtihal alimkumbatia mtoto kwa mikono na miguu. Kumi. Kumi na moja. Razan alikuwa bado anauma, bado anasukuma. Ishirini. Nilihisi baridi usoni, na harufu ile ya maziwa, nyingi, iliyoanza kuchacha. Thelathini.

Hapo chumbani kwa Bi Nadra mtu akaanza kulia.

Hakuwa akilia kama mzee. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, chembamba, cha kukatakata, cha kiumbe kilichoachwa peke yake. Kilitoka kwa yule bibi wa miaka sabini na zaidi. Sijui kama alilia kwa hofu, au usingizi ulikuwa umemkatikia, au aliita makusudi ili kitu kile kituache. Nimejiuliza mara nyingi. Sipendi kumfikiria wema, lakini sijui.

Hesabu ikakoma. Nyayo zikageuka. Zilipita mbele yetu, karibu nami kiasi cha kugusa, zikaelekea chumba kile. Kilio kikakatika. Razan akawa mwepesi mikononi mwetu, mtoto tu, ameloa jasho. Nikafungua komeo. Tukatoka kichochoroni bila viatu, na hatukusimama hadi Langoni.

Husni alikuja kesho yake amejaa ghadhabu. Alisema tumemtia mzee wake wazimu, tumemkimbia usiku kama wezi, mji mzima unasema. Nilimpa simu asikilize. Alikataa. Akasema yeye mwenyewe atakwenda kulala kule, tena mlemle nyumba ya kati, atuonyeshe upumbavu wetu. Alikwenda. Alirudi kwangu kabla jua halijatoka. Aliomba maji, akanywa, akatapika. Mchana ule alivuka maji kwenda Mokowe, upande wa bara, na kufika jioni alikuwa amepata vyumba viwili vya kupanga kule. Hadi leo hajasema alichokiona.

Bi Nadra hakukubali kutoka. Husni alimwomba, alimwambia atabaki peke yake mle. Alifariki baada ya wiki sita. Walimkuta juu, nyumba ya kati, yeye ambaye hakupanda ngazi kwa miaka tisa, amejikunja sakafuni ubavu mmoja karibu na ule ukuta.

Waliniita mimi. Nilikwenda, kwa sababu maiti ana haki yake hata kama mtu alikukosea. Mwosha hasemi alichokiona kwa maiti. Hiyo ni amana. Nasema moja tu, na nitaulizwa kwalo. Midomo yake ilikuwa imetoka mbele, imejiviringa, kama ya mtoto aliye kwenye ziwa. Tulimfunga kidevu kwa kitambaa, mimi na wenzangu wawili. Tulijaribu mara tatu. Hatukuweza kuufunga mdomo ule, tukamkafini hivyo.

Nyumba imefungwa. Husni hataki kuiuza wala kuikaribia.

Kule Mokowe, Razan alianza kula siku ya nne. Ibtihal alirudia taratibu zilezile za Wanjira, hatua kwa hatua, ila mlango aliuacha wazi na taa ndogo ikiwaka, na zamu hii zilifanya kazi kama zinavyofanya kwa watoto wa watu. Sasa ana miaka minne. Anasema sana, ni mtundu, analala usiku kucha. Husni ameacha hoteli, anapika kwenye mkahawa karibu na gati, kila siku yuko nyumbani kabla ya isha. Wana amani. Nikiwatazama nasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kuwatembelea. Ibtihal alikuwa jikoni, nikamwogesha Razan mimi, nje kwenye beseni, kweupe. Alikuwa ananisimulia habari za kuku wa jirani. Nilipomgeuza kumsugua mgongo nikaona baka. Katikati ya mabega, ngozi ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, na umbo lake lilikuwa la kiganja kilichofunguka, vidole vitano, kikubwa kuliko changu. Ni pale hasa ambapo mtu humpigapiga mtoto ili alale. Nikamwita Ibtihal. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anajua. Limekuwapo tangu usiku ule tulipokimbia. Wamempaka dawa za kila namna, daktari anasema ni ukungu wa ngozi, utaondoka.

Nikauliza linamuuma. Hapana, Razan alisema mwenyewe, haliumi.

Maji yalikuwa ya kisima, ya baridi, na mtoto mwili mzima ulikuwa umesisimka vipele. Nikaweka mkono wangu juu ya lile baka. Pale ngozi ilikuwa kavu. Tena ilikuwa na joto, kama mahali ambapo mkono umeondolewa sasa hivi.